Asilimia 94 Isikudanganye

Mratibu mmoja wa mwaka wa kwanza wa udaktari ameniandikia kwa furaha: programu yake ya kutabiri watakaopata sapu (mtihani wa marudio) ya Baiokemia ina usahihi wa asilimia 94. Darasa lina wangapi? Mia mbili. Waliopata sapu mwaka jana? Kumi na wawili. Basi hata kasuku akifundishwa kusema "atafaulu" mara 200 atafikisha asilimia 94 hiyo hiyo, na katika wale 12 hatamtaja hata mmoja.

Pima mambo mawili: kati ya walioanguka, umewanasa wangapi, na kati ya uliowataja, wangapi walikuwa hatarini kweli. Orodha ya majina 30 iliyowanasa 9 kati ya wale 12 ni orodha nzuri, japo 21 wametajwa bure. Aliyetajwa bure anapoteza dakika 15 za maongezi. Aliyeachwa anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Urefu wa orodha usiiachie kompyuta: ukiwa na walezi sita, na kila mmoja anaweza kuonana na wanafunzi watano kwa wiki, unawapanga kuanzia aliye hatarini zaidi na kukata kwenye jina la 30.

Kazi ngumu iko kwenye Excel ya matokeo. Kisanduku kitupu maana yake nini: hakufanya jaribio, alikuwa amelazwa, au karani hajaingiza? Wengi hujaza sifuri kote, na aliyeugua malaria anahesabiwa sawa na aliyepata sifuri. Tenganisha: safu moja ya alama, nyingine ya "hakufanya". Mahudhurio ya ukumbini msiyaamini sana, wanafunzi husainiana. Ya maabara ya anatomia, kwenye vikundi vidogo, yanaaminika zaidi.

Kisha chagua wiki, tuseme ya 6, jaribio la kwanza likishasahihishwa, na usiingize chochote kilichorekodiwa baada yake. Safu ya "vikao na mshauri wa wanafunzi" inaua modeli nyingi (modeli ni ile hesabu ya kutabiri iliyo ndani ya programu): kwenye data ya zamani ilijazwa mtu akishaanguka, kwa hiyo modeli inang'ara. Wiki ya 6 ya kweli safu hiyo ni tupu, na modeli inapofuka.

Wanafunzi 12 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ni 36 tu. Kwa kanuni ya zamani ya walioanguka kumi kwa kila kigezo (kila safu unayotabiria), unaruhusiwa vigezo vitatu, vinne ukijikaza. Rigresheni ya lojistiki, hesabu rahisi inayokadiria uwezekano wa mtu kuanguka, inatosha. Mitandao ya neva waachie wenye mamilioni ya picha za eksirei. Ifundishe kwa miaka mitatu hiyo, uijaribu kwa mwaka wa nne. Usichanganye miaka yote kwenye kapu moja, maana mtihani hubadilika na mhadhiri hubadilika.

Jinsia, mkoa na shule aliyotoka visiwe vigezo, lakini vihifadhi pembeni. Ukimaliza, kagua kama wanaotajwa bure wengi ni wa shule za kata. Wakiwa hao, kuna kigezo kinachobeba umaskini kwa mlango wa nyuma: siku za kutoingia Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), kwa mfano, bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa na bando limekwisha.

Na jamani, orodha isibandikwe, wala mwanafunzi asiambiwe "kompyuta imekutaja". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019. Mlezi aanze na kinachoonekana: "Dokta, jaribio la kwanza halikukaa vizuri. Kuna nini?" Mara nyingi jibu ni ada, msiba, au Kiingereza cha kitabu, na hakuna safu ya Excel iliyolibeba.

Andika pia nani alisaidiwa, tarehe gani, kwa namna gani. Usipoandika, waliosaidiwa wakafaulu wataingia kwenye data ya mwakani kama ushahidi kwamba alama 38 za jaribio la kwanza hazina shida, na modeli itaanza kuwaruka wenye 38.