Mzee wako alikuwa askari? Mtoe barazani atembee

Baba yangu alipigana vita vya Kagera, 1978 mpaka 79, akarudi Pemba mzima alhamdulillah ila sikio la kushoto halisikii vizuri tokea mizinga ile. Alipostaafu akawa mtu wa baraza, asubuhi bao, mchana kulala, jioni bao tena. Mwaka juzi tukaanza kuona mambo, anakuuliza umeshasali, unamjibu, anapiga funda la chai anakuuliza tena. Siku moja kaenda sokoni Chake hakurudi, kumfata tukamkuta kakaa kwenye ngazi na kikapu kitupu, hajui kafata nini. Niliumia sana.

Hospitali wakakuta presha iko juu, akapewa dawa na akaambiwa atembee. Mie nilidhani ni kwa ajili ya presha tu kumbe na ubongo unafaidika, damu ikizunguka vizuri na kichwa kinapata. Kuna utafiti wa Marekani ulotoka 2011, wazee 120, walotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikua kwa kama asilimia 2, na wenzao walokuwa wananyoosha viungo tu ikapungua.

Sasa kumtoa nje ndo kazi. Nikimwambia "baba twende mazoezi" ananambia mie si mtoto wa kuburuzwa. Nikabadilisha, nikamwambia baba nifundishe kwata. Wee! Alfajiri baada ya sala tukaelekea Gombani, mguu sawa, mguu pande, mikono yangu anainyoosha mwenyewe, anahesabu hatua kwa sauti na akikosea anarudi moja. Kuhesabu huku unatembea nako ni kazi kwa ubongo. Sasa wastaafu wenziwe wawili wanakuja, kwa hiyo akawa na watu wa kuwapa amri.

Muulizeni daktari kwanza hasa kama ana moyo au sukari, anzeni dakika 10, aweze kuzungumza huku anatembea. WHO, shirika la afya duniani, wanasema mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, na wazee wafanye na ya kujizuia wasianguke angalau siku tatu kwa wiki, baba anasimama mguu mmoja kashika ukuta. Masikio yapimwe pia, na kama aliwahi kuumia kichwa vitani daktari aambiwe, vyote hivo vinagusa kumbukumbu.

Hajapona, bado anasahau. Lakini jana nimechelewa dakika tano namkuta mlangoni keshavaa raba, kaangalia saa akanambia, "Afande, unachelewesha kikosi."