Maswali ya Wasomaji: Insha ya Mtoto wa Darasa la Tatu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina binti wa miaka minane anayesoma Darasa la Tatu katika shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Ijumaa iliyopita alirudi nyumbani na agizo la kuandika insha ya maneno 150, kwa Kiingereza, kuhusu umuhimu wa kutunza mazingira, yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na kuikabidhi Jumatatu. Tulikaa naye mezani Jumamosi na Jumapili hadi saa nne usiku. Aliandika sentensi mbili, kisha akalia, nami, kwa aibu nakiri, nikamtungia zilizobaki yeye akanakili. Alipewa alama 18 kati ya 20 na neno la pongezi. Nilipomwambia mwalimu wake kwamba kazi hizi ni ngumu mno, alinijibu kuwa wenzake wanaziweza. Je, ni ngumu kweli, au mimi ndiye ninayemdekeza mtoto?
Mama wa Kimara, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mama. Humdekezi mtoto. Kazi hiyo ni ngumu kwa umri wake, ila ugumu wake hauko pale ambapo wazazi wengi huutafuta. Wengi wataanza na yale maneno 150, ambayo kwa mwandiko wa mtoto yanaweza kujaza kurasa mbili za daftari. Urefu unachosha, ni kweli, lakini mtoto mwenye jambo la kusema huweza kujaza kurasa mbili bila kuombwa.

Mtu mzima anapoandika hasahau kwamba ana mkono, lakini hafikirii mkono wake. Hafikirii pia herufi, isipokuwa akikutana na neno geni. Akili yake yote iko kwenye kile anachotaka kusema. Mtoto wa miaka minane bado anazifanya kazi hizo tatu kwa wakati mmoja, na kila moja inadai umakini wake: kalamu ifuate mstari na maneno yaachiane nafasi, herufi zipangwe sawasawa, na wazo lisipotee wakati mambo hayo mawili yakiendelea. Ndiyo maana utamwona anaanza sentensi vizuri, anakwama katikati ya neno moja, na akishalimaliza neno hilo anakuuliza, “Mama, nilikuwa nasema nini?” Huo si uvivu.

Kwa Kiswahili mzigo wa pili huwa mwepesi mapema. Tuna irabu tano, kila moja na sauti yake, na mtoto aliyekwisha kuzijua silabi, kuanzia ba be bi bo bu hadi zile ngumu za mbwa na ng'ombe, anaweza kuandika karibu kila neno analoweza kulitamka. Atasahau kibainishi cha ng'ombe, nasi tutamwelewa. Kiingereza hakina huruma hiyo: herufi nne zilezile, ough, zinasomwa kwa namna moja katika though, kwa namna nyingine katika through na kwa namna ya tatu katika cough, kwa hiyo mtoto hana budi kulikariri neno kama anavyokariri sura ya mtu. Mtoto wa London anayepambana na maneno hayo amekwisha kuyasikia kwa miaka mitano au sita kabla ya kushika kalamu. Binti yako huenda anayasikia darasani tu, na akitoka getini anarudi kwenye Kiswahili cha nyumbani, cha daladala na cha dukani.

Kisha iko mada yenyewe. Umuhimu wa kutunza mazingira ni mada ya hotuba ya mgeni rasmi, na mtoto anayeambiwa aiandikie insha hana la kufanya ila kukusanya maneno ya watu wazima. Mwambie aandike jinsi mbuzi wa jirani alivyokula soksi zilizoanikwa, au siku mvua ilipoingia sebuleni, uone kama atakosa la kusema. Watoto wetu si wageni wa utunzi. Aliyezoea kuitikia “pakawa” akisikia “paukwa” anajua tangu mdogo kwamba hadithi ina mwanzo, ina mtu aliyepatwa na jambo, na haimaliziki mpaka jambo hilo litatuliwe. Utangulizi, kiini na hitimisho anavyo tayari mdomoni, ingawa hajui kuwa vinaitwa hivyo, na sioni haraka ya kumfundisha majina hayo akiwa na miaka minane.

Kwa hiyo kabla hujaamua kama kazi ni ngumu, fanya jaribio moja ambalo halihitaji hata kalamu. Mwambie mtoto akusimulie insha yake kwa mdomo, kwa lugha anayoitaka. Akisimulia vizuri kwa Kiswahili na kukwama kwa Kiingereza, tatizo ni lugha, na dawa yake ni kuzungumza na kusoma Kiingereza zaidi, wala si kuandika zaidi. Akisimulia vizuri kwa Kiingereza lakini karatasi ikabaki tupu, tatizo ni mkono na tahajia. Hapo unaweza kuandika wewe maneno yake yeye, bila kuyapamba, kisha akayasoma na kunakili sehemu anayoiweza. Akishindwa kusimulia kwa lugha yoyote, basi mada imemzidi, na hakuna msaada wako utakaoifanya iwe yake.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuniuliza. Zile alama 18 ni zako, mama, na mwalimu hajui. Anaposema kwamba wenzake wanaziweza, huenda anasema anachokiona kweli kwenye madaftari, ila ningependa kujua ni wangapi kati ya hao wanaoziweza wenyewe na wangapi wana mama, kaka au mwalimu wa tuisheni kando yao. Kila mzazi anayemtungia mtoto wake anamthibitishia mwalimu kwamba kipimo ni sahihi, na wiki inayofuata kipimo kinapanda. Safari ijayo rudisha daftari likiwa na zile sentensi mbili zake, na chini yake uandike kwa adabu: “Hapa ndipo alipofika kwa dakika 30 bila msaada.” Kisha omba kuonana na mwalimu ana kwa ana, wala si kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambako hoja nzuri hugeuka ugomvi kabla ya jioni.

Mkikutana, usimshambulie. Shule nyingi za binafsi zinatazama Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao matokeo yake wazazi huyalinganisha kabla ya kuchagua shule, na mwalimu wa Darasa la Tatu anajua kuwa mwakani watoto wake watapimwa. Muulize tu kazi ile inatokana na sehemu gani ya muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kuwa msingi wa Darasa la Kwanza na la Pili kwa sababu ilikuwa imedhihirika kwamba watoto wanavuka madarasa bila stadi hizo, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 haukuuacha msingi huo. Mtoto aliyetoka kwenye hatua hiyo miezi michache iliyopita hawezi kudaiwa insha ya mtahiniwa. Wenzetu wa Kenya walilalamikia jambo la jirani na hili, kazi za nyumbani za Mtaala wa Umilisi ambazo wazazi walijikuta wakizifanya wao, na mwaka 2021 mtaala huo ulipelekwa Mahakama Kuu. Ninyi mnaweza kuanza na kikombe cha chai ofisini kwa mwalimu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule ya serikali. Nina wanafunzi 112 katika chumba kimoja. Huwapa kazi ya kunakili sentensi tano kutoka ubaoni. Mthibiti Ubora wa Shule ameniambia kazi hizo ni nyepesi mno kwa kuwa watoto hawatungi chochote. Nitawapaje kazi ya kutunga ilhali siwezi kusahihisha madaftari 112?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Ndugu mwalimu, pole kwa kazi. Mthibiti ubora ana haki nusu. Mtoto anaweza kunakili “Juma anakula embe” kwa mwandiko mzuri bila kusoma hata neno moja, kwa hiyo kunakili kunafundisha mkono peke yake. Lakini kutoka hapo hadi utungaji kuna ngazi, na ya kwanza ni imla. Tamka maneno matano, baadaye sentensi moja fupi, nao waandike wanachosikia. Wakizoea, andika ubaoni sentensi iliyokatika, kwa mfano “Nikienda kisimani nilimwona…”, kila mmoja aimalizie kwa maneno yake. Ni maneno mawili au matatu tu, lakini ni yake.

Kuhusu kusahihisha, kusanya madaftari ya safu chache kila siku, yapatayo 23, na ndani ya siku tano utakuwa umeyaona yote. Wengine siku hiyo wabadilishane na kusomeana. Na watoto wanaoandika “lafiki” kwa “rafiki”, usiwamwagie wino mwekundu. Wameandika kwa usahihi kile wanachokisikia nyumbani, na kosa hilo hurekebishwa kwa kutamkiwa mara nyingi.

SWALI: Mwanangu wa Darasa la Kwanza anageuza b kuwa d, tena anaandika kwa mkono wa kushoto. Bibi yake anataka tumlazimishe kutumia wa kulia. Tufanyeje?
Baba, Tanga

JIBU: Kugeuza b na d ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huo, na wengi huliacha wenyewe. Likiendelea baada ya Darasa la Pili pamoja na shida ya kusoma, muone mwalimu wa elimu maalumu. Mkono wa kushoto uacheni. Adabu ya kula na kupokea vitu kwa mkono wa kulia bibi anaweza kuendelea kuifundisha, kwa kuwa haigongani na kalamu. Mfundisheni kulaza daftari likiinamia kulia na kushika penseli juu kidogo ya ncha, ili aone anachoandika na asifute kwa kiganja. Na mwombeni mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, kwa maana akiwa katikati ya wenzake wawili, kiwiko chake kitagongana na cha jirani kila mstari.