Usinunue busta! Kaangalie ubora kwanza

Mkuu, kama hela ya fundi hujaituma, usiitume. Nimesoma hapo juu kwamba tangu mhamie dijitali picha inaganda na kukatika vipande vya mraba, na umeambiwa ununue "antena ya dijitali" na busta (kifaa cha kukuza mawimbi ya antena) kubwa zaidi. Tumbo limenisokota. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Kwanza, hakuna antena ya dijitali. Antena ni vyuma vilivyokatwa kwa urefu wa kupokea masafa fulani, haijui kinachopita humo ni analojia au ni dijitali. Kama ya zamani ilikuwa ya UHF (masafa ya juu yanayobeba televisheni) na haijaoza, huenda bado ni nzima. Fundi wangu aliipa jina hilo akapandisha bei, nami nikalipa kwa sababu boksi lilichorwa mpira wa miguu.

Lakini antena ilikuwa hasara ndogo. Busta ndiyo iliyonimaliza.

Enzi za analojia mawimbi yakipungua ulipata chenga, na kwenye chenga bado ulimwona mchezaji na kivuli chake. Kwa hiyo tulizoea kwamba picha mbaya maana yake mawimbi hayana nguvu. Dijitali haiendi hivyo. King'amuzi kinapokea namba, kinasahihisha zilizoharibika, picha inabaki safi mpaka makosa yazidi uwezo wake. Hapo inaganda, halafu giza.

Fundi akafunga busta juu ya mlingoti. Tukafungua menyu ya king'amuzi, mstari wa nguvu ya mawimbi ukaruka kutoka 60 hadi 95, tukapeana mikono. Usiku ule tukapoteza chaneli nne. Akarudi: "Bosi, waya mrefu, tuongeze nyingine ndani." Nguvu 100. Chaneli zote zikaondoka! Mke wangu akaniuliza nimenunua televisheni au saa ya ukutani, maana kilichobaki kuwaka ni saa ya king'amuzi.

Chini ya mstari wa nguvu kuna mwingine, UBORA, unaoonyesha mawimbi yanasomeka kiasi gani. Wangu ulishuka hadi 0 huku fundi akinionyesha wa juu yake. Sijui alikuwa haujui au alijua sana. Nilipompigia mara ya tatu, simu yake nayo ikawa haina mawimbi.

Nimekaa wiki nyingi hivyo, mtu mzima naangalia mpira dirishani kwa jirani. Siku moja nikapanda mwenyewe. Kwenye kifuniko cha busta kumeandikwa 47–862 MHz, yaani masafa inayoyakuza. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Zamani televisheni ilifika hadi 862. Mkutano wa masafa wa dunia wa mwaka 2007 ukafungulia simu sehemu ya 790 kwenda juu kwa Afrika na Ulaya, ule wa 2012 ukashusha mpaka 694. Sasa busta ya zamani haichagui: inakuza chaneli zako pamoja na mnara wa simu ulio nyuma ya nyumba. Ikilemewa, inatoa kelele. Nguvu unaiona kweli, ila nusu yake ni ya simu za watu.

Nikatoa zote mbili, nikaunga waya moja kwa moja. Kwenye kiungo cha zamani shaba ilikuwa imegeuka kijani, nilipoinamisha waya likatoka tone la maji. Nikakata kipande hicho, nikafunga upya, nikageuza antena kidogo kidogo huku mtoto akinisomea namba kwa sauti. Nguvu 58, ubora 90. Chaneli zote zikarudi. Hamsini na nane, wakuu, mimi niliyelipia mia!

Angalizo: usichomoe umeme wa busta ukadhani umejaribu. Busta nyingi zisipopata umeme huziba mawimbi. Itoe kabisa njiani.

Sisemi busta haina kazi popote. Aliye mbali na mnara, au anayegawa waya kwa televisheni kadhaa, anaweza kuihitaji, na anunue inayoishia 694 kama nchi yake ilishaachia masafa hayo. Ila wewe umesema mnara unauona ukiwa mlangoni. Busta ya nini?

King'amuzi ulichouliza, tazama kama kimeandikwa DVB-T2, mfumo mpya wa matangazo ya dijitali ya antena uliofuata DVB-T. Kile cha DVB-T tupu hakisomi matangazo ya T2 hata ukipanda nacho juu ya mnara.

Leo jioni fungua menyu, andika namba mbili, nguvu na ubora. Toa busta, kagua viungo, andika tena. Zilete hapa zote nne kabla hujampigia huyo fundi wako.