Lilipita na Saruji, Likagonga Likiwa Tupu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki lori aina ya Fuso linalobeba saruji kutoka Mwanza mjini kwenda kwa wateja wangu wa vijijini. Hivi karibuni dereva wangu alipita asubuhi chini ya daraja la reli akiwa na shehena kamili, wala hapakuwa na tatizo. Alasiri aliporudi kwa njia ile ile, gari likiwa tupu, fremu ya chuma inayobeba turubai iligonga daraja na kupinda. Dereva anaapa kwamba hakubadilisha chochote, na utingo anamuunga mkono. Mimi nimemkata posho kwa kuwa naamini alikuwa anakimbiza gari. Je, inawezekana gari lipite likiwa na mzigo, kisha lishindwe kupita likiwa halina kitu? Na je, hakuna mitambo ya kuwazuia madereva kabla hawajalifikia daraja?
Mama mfanyabiashara, Buhongwa, Mwanza

JIBU: Mama, tunakuomba umrudishie dereva wako posho yake. Mwendo kasi huzidisha madhara ya kugonga, lakini haulifanyi gari kuwa refu zaidi. Kilicholiongezea kimo ni kule kushushwa kwa saruji. Mzigo wa tani kadhaa hulala juu ya springi na kuyabonyeza matairi, na ukiondolewa bodi yote hunyanyuka kwa sentimita kadhaa, hata kufikia kumi katika baadhi ya malori. Kama asubuhi ile nafasi kati ya fremu na boriti ya daraja ilikuwa ya upana wa vidole viwili tu, basi alasiri haikuwapo tena. Dereva wenu alifanya kosa moja ambalo wengi wetu tungelifanya: aliichukua safari ya kwenda kuwa kipimo cha safari ya kurudi.

Wala usimcheke dereva anayesema kwamba daraja limeshuka. Barabara ikiwekewa tabaka jipya la lami juu ya lile la zamani, nafasi ya kupita chini ya daraja hupungua ingawa daraja halikusogea, na kibao kikiachwa na namba yake ya zamani kinakuwa kinasema uongo. Tena, barabara ikiwa imebonyea chini ya daraja, semitrela ndefu hupata taabu kuliko lori fupi, kwa sababu matairi ya mbele na ya nyuma yanakuwa yamekanyaga miinuko ya pande mbili huku katikati ya tela ikining'inia juu zaidi ya pale ambapo ingekuwa kwenye barabara tambarare. Kwa sababu kama hizi, nchini Uingereza namba inayoandikwa kwenye kibao huwa pungufu ya kimo kilichopimwa kwa inchi 3 au zaidi, yaani karibu sentimita 8.

Kwa hiyo pimeni gari mara mbili, likiwa limejaa na likiwa tupu, kwenye uwanja ulio sawa, kuanzia ardhini hadi ncha ya juu kabisa, iwe ni fremu, kamba au turubai lililovimba kwa upepo. Andikeni kipimo kikubwa kwa mita, mkibandike mbele ya macho ya dereva. Wanaobeba magodoro au magunia ya mkaa wapime kila safari, maana mizigo hiyo ni myepesi na hupakiwa mpaka mpakiaji achoke. Wenye kontena nao wasiamini macho: kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59 na lile refu lina mita 2.90, na likiwekwa juu ya tela lenye kimo cha mita 1.5 jumla yake inakuwa mita 4.40.

Kuhusu mitambo, ipo, lakini isikupe matumaini makubwa mno. Huko Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, kuna daraja la reli katika mtaa wa Gregson lililokuwa na nafasi ya mita 3.56 tu. Liliwekewa vibao, boriti nene ya chuma mbele yake ili ndiyo igongwe badala ya daraja, na mwaka 2016 taa za barabarani zenye kifaa kinacholitambua lori lililozidi kimo na kuwasha taa nyekundu. Malori yaliendelea kugonga. Mwaka 2019 daraja lenyewe lilinyanyuliwa kwa sentimita 20, na hata baada ya hapo hayakukoma kabisa. Kule Sydney, Australia, kwenye handaki linalopita chini ya bandari, waliweka pazia la maji linalomwagika mbele ya lori lililozidi kimo, na juu ya maji hayo humulikwa alama kubwa ya kusimama. Dereva aliyepuuza taa zote huona kama anaingia ukutani.

Maoni yetu ni kwamba kwetu sisi bomba au minyororo iliyoning'inizwa kwa kimo kile kile cha daraja ingefaa zaidi, kwa kuwa haihitaji umeme na dereva huisikia ikigonga juu ya gari lake. Sharti iwekwe kabla ya njia panda ya mwisho, mahali ambapo bado anaweza kukata kona. Onyo linalotolewa hatua kumi kabla ya daraja humkuta akiwa na foleni nyuma yake. Ila ifungwe imara, maana wanunuzi wa vyuma chakavu tunawajua. Jambo hili litazidi kuwa na uzito, kwani reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Isaka na Mwanza inajengwa ili isikatane na barabara kwa usawa mmoja, na hivyo madereva watakutana na madaraja mengi zaidi vichwani mwao.

SWALI: Ninaendesha tipa la mchanga. Nikinasa chini ya daraja, je, nirudi nyuma kwa nguvu?
Dereva, Igoma

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Zima gari, shukeni wote, na kama ni daraja la reli, jambo la kwanza ni kuwaarifu watu wa reli na polisi ili treni isimamishwe, kwa sababu boriti iliyosukumwa kidogo tu huweza kupindisha reli. Daraja likishakaguliwa, matairi hupunguzwa upepo ili gari lishuke, kisha hurudishwa polepole huku utingo akiongoza. Na kwa kuwa tipa nyingi hugonga kwa sababu bodi ilisahauliwa juu baada ya kumwaga, mwombe fundi umeme akufungie king'ora na taa ndani ya kabini vinavyowaka kila bodi inapokuwa haijalala.