Ukimlipa mwalimu wa anatomia, mwache akusikilize

Nimekaa upande wa mwanafunzi, baadaye nikakaa upande wa mwalimu, na pande zote mbili nimeona pesa za tuisheni zikipotea kwa njia ileile. Mwanafunzi anakuja amechoka, anafungua daftari, anasema "mwalimu, nieleze mkono." Mwalimu anaeleza vizuri saa nzima, wanaagana wote wameridhika. Wiki inayofuata muulize huyo mwanafunzi ni neva gani inayopita nyuma ya kiwiko. Anakumbuka kwamba ilielezwa. Jina lenyewe halipo.

Anatomia, somo la maumbile ya mwili, haina mambo mengi magumu kuelewa, ila ina mambo mengi mno ya kukumbuka, na kumbukumbu hujengwa pale unapolazimika kulitoa jibu mwenyewe kichwani, siyo pale unapolisikia kwa mara ya tatu. Ndiyo maana nasema saa ya mwalimu binafsi ni ya mdomo wako na mkono wako. Yeye yupo kusikia unapoteleza, na kuuliza swali moja zaidi ya pale ulipodhani umemaliza.

Kama hujafungua kitabu wala hujahudhuria kipindi, usimtafute bado. Atakusomea kitabu kwa bei ghali. Mtafute ukiwa umeshasoma na kuna mambo yamegoma kukaa, na uende na maswali yenye makali. "Sielewi neva za mkono" siyo swali. Swali ni hili: kwa nini mtu aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati huja na kiganja kinachoning'inia, hawezi kukiinua, lakini mara nyingi bado ananyoosha kiwiko? Ukienda na swali la namna hiyo, nusu ya somo umeshalifanya. Jibu lake ni kwamba neva ya radiali huzunguka nyuma ya mfupa huo, imeulalia kabisa, kwa hiyo mfupa ukivunjika hapo neva nayo iko hatarini. Lakini matawi mengi ya kwenda kwenye trisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, yameshachomoka juu zaidi. Ukilielewa hilo, njia ya neva ile, misuli yake na mpangilio wa matawi yake vinakuja pamoja, bila kukariri jedwali.

Kumchagua mwalimu si kazi ndefu. Katika kipindi cha kwanza hesabu nani kazungumza zaidi. Kama ni yeye kwa sehemu kubwa, mwambie kwa adabu unavyotaka, na asipobadilika, mshukuru uondoke. Mwombe achore kitu papo hapo bila kutazama popote, kwa sababu anayeijua njia ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, anaweza kuichora, hata kama mchoro wake ni mbaya kama wa mtoto. Na siku akisema "hapa sina hakika, tutazame atlasi," yaani kitabu cha picha za mwili, mshike sana huyo. Anayejua kila kitu papo hapo ananitia wasiwasi. Kuhusu kama awe daktari au mwanafunzi wa mwaka wa juu, daktari atakupa sababu na visa vya wagonjwa, na mwanafunzi wa mwaka wa juu anaukumbuka mtihani na jinsi kichwa kinavyochanganyikiwa mwanzoni. Mwaka wa kwanza, mimi ningemchukua wa pili.

Anza na mifupa, hata kama ratiba ya chuo imeanzia kwingine. Mtu mzima ana mifupa 206, na idadi hiyo hutisha mpaka utambue kwamba 106 kati yake iko kwenye viganja na nyayo: 27 kila mkono, 26 kila mguu, chini ya kifundo. Mifupa ndiyo kamba ya kuanikia, kila msuli, neva na ateri utavitundika hapo. Mwalimu asikuulize majina matupu. Akupe mfupa wa paja, mkononi au kwenye picha, akuulize ni wa kulia au wa kushoto, na umwambie umejuaje: kichwa chake kinatazama ndani, ukingo mkali unaoshuka katikati uko nyuma, basi upande unajitaja wenyewe. Mwanafunzi anayeweza kutaja upande wa mfupa ameshajifunza mbele, nyuma, ndani na nje bila kufundishwa.

Misuli ndiyo inayowaua wengi. Wanakaa na majedwali, kila msuli unaanzia wapi, unaishia wapi, unalishwa na neva gani, unafanya kazi gani, na kufika msuli wa ishirini kichwa kimejaa. Mimi humfundisha mtu kwa vyumba. Paja lina vyumba vitatu: cha mbele hulishwa na neva ya femorali, cha ndani na neva ya obtureta, cha nyuma na neva ya siatiki. Ukijua chumba umejua neva, na kwa kawaida umejua na kazi, kwa sababu misuli ya chumba kimoja hufanya kazi zinazofanana. Kinachobaki ni wachache wanaovunja sheria, na hao ndio watunga mitihani wanaowapenda. Sehemu ya mbele ya kigasha, kwa mfano, karibu yote ni ya neva ya mediani, isipokuwa msuli mmoja na nusu unaolishwa na neva ya alna. Mwombe mwalimu akupe sheria kwanza, kisha wavunja sheria. Akianza na orodha ndefu isiyo na sheria, mrudishe.

Sasa tuje kwenye mtandao wa neva za mkono, pleksasi ya brakia, maana hapa ndipo mwalimu binafsi anapostahili gharama yake. Kitabuni unaonekana kama nyaya zilizotupwa chini. Karatasini una mpango ulionyooka: mizizi mitano inayotoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia C5 (wa tano wa shingo) hadi T1 (wa kwanza wa kifua), inaungana kuwa mashina matatu, kila shina linagawanyika mbele na nyuma, migawanyiko hiyo sita inajipanga upya kuwa kamba tatu, na mwisho zinatoka neva kubwa tano. Tano, tatu, sita, tatu, tano. Migawanyiko ya mbele hatimaye huenda kwa misuli inayokunja, ya nyuma kwa inayonyoosha. Ile mitatu ya nyuma huungana kuwa kamba moja, na humo hutoka neva ya aksila na ya radiali. Neva tatu zilizobaki zinachora herufi M mbele ya ateri ya kwapa.

Chora mtandao huo kwenye karatasi tupu kila mwanzo wa kipindi kabla hamjasalimiana vizuri. Natania, salimianeni kwanza. Ukishaweza kuuchora bila kusita, mchezo ndio unaanza: mwalimu afute mstari mmoja akuulize mgonjwa kapoteza nini. Akifuta shina la juu, lenye C5 na C6, useme mkono utaning'inia ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka. Ni jeraha linaloweza kumpata mtoto wakati wa kuzaliwa, shingo ikivutwa mbali na bega. Akifuta la chini, C8 na T1, useme ni misuli midogo ya kiganja inayoumia zaidi. Mazoezi haya huwezi kuyafanya vizuri peke yako, kwa sababu ukijiulizia mwenyewe unachagua mstari unaoujua.

Uliza pia "kwa nini iko hivi?" hata kama unaona aibu. Kwa nini kiwambo kilicho chini ya mapafu, msuli wa kupumulia, kinalishwa na neva inayotoka shingoni, C3 hadi C5? Kwa sababu kwenye kiinitete kilianza kuumbwa huko juu, kisha kikashuka na neva yake kikiiburuta. Kwa nini uvimbe ndani ya kifua unaweza kumfanya mtu apoteze sauti? Kwa sababu neva ya koo ya upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, inapita chini ya upinde wa aota, ateri kuu itokayo moyoni, ndipo inapanda tena kwenda kwenye zoloto, penye nyuzi za sauti. Mwalimu anayejua habari za kiinitete kidogo tu atakuokolea majuma ya kukariri.

Mwili wako mwenyewe ni kitabu kisichokatika umeme. Tafuta kwa kidole ule ukingo ulioinuka kwenye mfupa wa kifua, chini kidogo ya shingo: ubavu unaoungana hapo ni wa pili, na kuanzia hapo unaweza kuhesabu mbavu hadi kwenye nafasi ya tano upande wa kushoto, ambako mapigo ya moyo huhisika. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo kidogo, uone kama kuna kano nyembamba inayojitokeza katikati. Watu wengine hawana, na wako wazima kabisa. Lakini mazoezi ya kugusa mwili ufanye kwenye mwili wako. Mwalimu asikuguse bila kukuomba ruhusa na wewe kukubali, na ukikataa isiwe mjadala. Kipindi cha ana kwa ana kifanyike mahali penye watu.

Mwalimu binafsi hachukui nafasi ya chumba cha kupasulia maiti. Miili haifuati picha: ateri hutoka mahali tofauti kidogo, neva hugawanyika mapema. Kwa miaka 1300 hivi madaktari walimwamini Galen, daktari wa kale wa Kigiriki aliyejifunza sana kwa kupasua wanyama, hadi mwanaanatomia Vesalius alipochapisha kazi yake mwaka 1543 na kuonyesha, pamoja na mengine mengi, kwamba taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja na si miwili. Kwa hiyo ukitoka kwenye upasuaji wa maiti, mpelekee mwalimu ulichokiona kikatofautiana na atlasi. Kwa kawaida ndicho kipindi kizuri kuliko vyote.

Na picha za skani zisikusubiri mwaka wa tatu. Kwa desturi mkato wa mlalo, picha ya kipande cha mwili kwa upana, husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, hivyo ini, lililo kulia mwilini, utaliona kushoto kwenye picha. Ukilizoea mapema litakusaidia. Vivyo hivyo mtihani wa vitendo, ule wa pini zilizochomekwa kwenye viungo vya kutaja na kengele ya kuhama meza: mwalimu afunike majina, ageuze picha kichwa chini, akupe sekunde chache. Picha uliyoizoea ikiwa imesimama, ikigeuzwa inakuwa ngeni.

Malipo, muda na siku ya kughairi vikubaliwe kabla ya kipindi cha kwanza, kwa maandishi. Wawili au watatu wanaweza kuchangia gharama, wakizidi hapo inageuka darasa, na aliye kimya anarudi kuwa msikilizaji. Mkifanya kwa mtandao, kamera ielekezwe kwenye karatasi unayochorea, siyo usoni.

Wiki mbili tatu kabla ya mtihani, badilishaneni viti. Wewe fundisha, yeye awe mwanafunzi mbishi asiyejua kitu, aulize "ndiyo nini hiyo?" kila unapotaja jina. Ukikwama asikujibu. Aandike tu ulipokwamia, na mwisho wa saa akukabidhi hiyo karatasi uende nayo.