Lori likigonga nguzo: maswali yenu

Bwana Mhandisi, nina ghorofa moja kando ya barabara hapa Malaba, pale matrela yanapogeuzia. Nguzo za mbele ni sentimita 30 kwa 30 na zinabeba jengo lote. Fundi anasema trela likizigonga hazitahimili. Ni kweli? – Mama mwenye duka, Malaba

Ni kweli, mama. Kubeba mzigo kutoka juu ni kazi moja, kupigwa ubavuni ni nyingine. Zege ni hodari likibanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Tena lori hupiga chini, kimo cha bampa. Nguzo ikisukumwa katikati hupinda na kuonyesha nyufa mapema. Ikipigwa karibu na mguu haipati nafasi ya kupinda. Nguvu yote hupita katika kipande kile kifupi kati ya bampa na msingi, nacho hukatika kwa mshazari, ghafla.

Kinachozuia mkato huo ni ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo ndefu. Ringi hushona ufa, hubana zege la ndani lisimwagike, na huzuia nondo ndefu zisibenuke nje. Inaniuma kuona hapo ndipo watu wanapobana pesa: nondo ndefu nene, ringi moja kila sentimita 25! Kwenye mita 2 za chini, mwombe mhandisi wako azisogeze hadi sentimita 10. Ncha zake zikunjwe nyuzi 135, ziingie ndani ya zege. Ncha ya nyuzi 90 hufunguka mara zege la nje linapobanduka.

Hata hivyo, nguzo ya kipimo chako haitashinda trela lililojaa likija kwa kasi. Kanuni za Ulaya hutaka nguzo iliyo kando ya barabara ya mjini ipimwe kwa msukumo wa kilonyutoni 500, karibu uzito wa tani 50 uliolazwa ubavuni. Kwa barabara kuu ni 1,000. Marekani, kwa nguzo za madaraja, ni takriban kilonyutoni 2,670, pigo likihesabiwa kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini.

Nikiongeza saruji je? – Fundi, Jinja

Itasaidia kidogo. Zege gumu lisilo na ringi za kutosha hupasuka kwa ghafla zaidi. Pesa hiyo nunua ringi.

Kipi kibaya zaidi, uzito au mwendo? – Dereva, Kampala

Mwendo, ndugu. Kasi ikizidi mara mbili, nishati ya pigo huzidi mara nne. Gari la tani 7.5 kwenye kilomita 60 kwa saa lina nishati sawa na lori la tani 30 kwenye kilomita 30. Kisha funga mzigo vizuri: lori likisimama ghafla, shehena iliyolegea huja mbele na kuongeza pigo la pili.

Lori lilirudi nyuma likagonga nguzo yetu. Plasta tu ilibanduka, tukapiga nyingine. Tuko salama? – Mbale

Tafadhali ibandueni hiyo plasta leo. Tazameni pande zote nne, hasa upande wa pili wa pigo, maana huko ndiko zege lilikovutwa. Tazameni pia pale nguzo inapoungana na boriti. Gongeni kwa nyundo: mlio wa uwazi maana yake zege limeachana ndani. Shusheni timazi. Mkiona ufa wa mshazari, nondo iliyopinda au nguzo iliyohama, watu watoke kwanza. Boriti ziwekewe mihimili ya muda na mhandisi aliyesajiliwa, naye ndiye aamue kama nguzo itatiwa koti jipya la zege au itavunjwa.

Niweke vyuma mbele ya nguzo? – Busia

Weka. Mabomba mazito ya chuma yaliyojazwa zege, yenye msingi wake wenyewe, na yasiguse nguzo. Yakiigusa hupeleka pigo lilelile ndani. Acha nafasi ya bomba kuinama. Kabla ya kuchimba, uliza baraza la mji mpaka wa hifadhi ya barabara unaishia wapi.