Ng'ombe Mweupe, Kahawa ya Budadiri na Mwalimu Anayesubiri Jibu

Shangazi, assalamu alaykum. Nina umri wa miaka 31, sijaolewa, na ni mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mbale, Uganda. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na daftari ninamoandika mambo matatu ninayomwomba Mwenyezi Mungu: biashara yangu mwenyewe ya kahawa iliyokaangwa, itokayo katika shamba la mjomba wangu huko Budadiri, kwenye miteremko ya mlima Elgon, mume mwenye sifa kumi na moja nilizoziorodhesha, na kupanda daraja katika ibada. Hili la tatu naona linaendelea, kwani nafunga Jumatatu na Alhamisi, naamka usiku kusali, na sikosi darasa la Jumamosi. Mawili ya kwanza yamesimama. Tangu Rajabu mwalimu mmoja wa sekondari ameleta posa kwa baba yangu. Aliachana na mkewe, ana binti mmoja, na katika sifa zangu kumi na moja anazo sita. Nimesali istihara usiku saba mfululizo, na nilichoota ni ng'ombe mweupe akinywa maji kwenye karai. Rafiki yangu mmoja anasema ni heri, mwingine anasema ni dalili ya kungoja. Nimeweka akiba ya shilingi milioni sita na naogopa kuigusa kabla sijapata ishara. Je, nianze na lipi? Nakuambatanishia picha za kurasa nne za daftari langu.
Mwenye Kusubiri, Mbale

Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu.

Tuanze na huyo ng'ombe, ili tumwondoe njiani. Mtu aliyekulia Mbale, akapita kila siku mbele ya ng'ombe waliofungwa kamba kando ya barabara, ana haki ya kuwaota bila jambo hilo kuwa na maana yoyote kuhusu ndoa yake. Sala ya istihara, kama alivyoipokea Jabir bin Abdillah kutoka kwa Mtume na kama ilivyo katika mkusanyiko wa Bukhari, ni rakaa mbili zisizo za faradhi zinazofuatwa na dua, na ndani ya dua ile mja anaomba kwamba jambo analokusudia, likiwa na heri kwake katika dini yake, maisha yake na mwisho wa mambo yake, alikadiriwe na kufanyiwa wepesi, na likiwa na shari aepushwe nalo kisha aridhishwe na heri popote ilipo. Hakuna palipotajwa ndoto. Hakuna palipotajwa rangi ya mnyama wala rafiki wa kufasiri. Dua yenyewe inazungumzia jambo ambalo mtu amekwisha kulikusudia, na wepesi au uzito wake hauwezi kuonekana kwa mtu aliyekaa kitandani. Huonekana akianza kutembea. Wewe umesali usiku saba, na mchana wa siku zote hizo saba hukuuliza swali hata moja juu ya kahawa wala juu ya mwalimu.

Picha za daftari nimezitazama kwa muda mrefu, na nakushukuru kwa kuniamini nazo. Ukurasa wa kwanza una jina la kahawa yako lililoandikwa kwa wino wa rangi mbili, mchoro wa pakiti yenye mlima Elgon mgongoni, na ramani ya duka lenye kibaraza katika Naboa Road, hadi mahali zitakapokaa kochi mbili na jagi la maji. Ni kazi nzuri ya mkono. Lakini nimetafuta katika kurasa zote nne bei ya kilo moja ya matunda ya kahawa na sikuiona, wala gharama ya kukaanga, wala jina la mtu hata mmoja aliyesema atanunua. Wewe ambaye kila jioni unafunga hesabu za duka la mtu mwingine mpaka shilingi mia ya mwisho, na ambaye usingekubali kulala huku vitabu vyake havijaoana, hujaifungulia kahawa yako hata safu moja ya hesabu. Jambo hilo limenifundisha zaidi kuhusu hali yako kuliko barua nzima, kwa sababu kinachokukosesha hesabu si ujinga wa kazi; ni hofu kwamba hesabu ikipigwa itatoa jibu, na jibu likishatoka huwezi tena kuota kwa raha.

Basi tupige hesabu pamoja, kwa kiasi kidogo. Chukua kilo 300 za matunda mabivu. Zikimenywa, zikachachushwa, zikaoshwa na kuanikwa juu ya chanja hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 hivi, utabaki na takriban kilo 50 za kahawa kavu ikiwa bado ndani ya ganda lake la ndani. Ukiikoboa zitabaki kama kilo 40 za kahawa safi. Moto wa kukaangia hula kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito, kwa hiyo mwisho wa yote una kilo 32 hadi 34, yaani pakiti 130 hivi za robo kilo. Hizo pakiti 130 ndizo biashara yako ya mwaka huu, na hazihitaji kibaraza wala kochi. Mavuno makuu ya miteremko ya Elgon huanza takriban Septemba au Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka mpya. Utapanda Budadiri wikendi mbili au tatu, utasimama na wachumaji uhakikishe yanachumwa mekundu tu, utayatia katika beseni la maji na kuyatupa yanayoelea, maana mepesi yanayoelea ndiyo yatakayoiharibu ladha ya yale mengine. Kukaanga, mpe mwenye mashine akufanyie kwa malipo. Usinunue mashine kwa pakiti 130. Katika milioni zako sita tenga mbili kwa jaribio hili, na zile nne zibaki benki kana kwamba hazipo.

Swali gumu ni la mnunuzi. Nchi yetu imekuwa ikiuza nje sehemu kubwa mno ya kahawa yake huku wengi wetu tukinywa chai, na ushirika wa Bugisu, uliokuwapo tangu mwaka 1954, ulijengwa juu ya kuuza kahawa ghafi na si pakiti za robo kilo kwa majirani. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa kahawa inaota karibu nawe, wanywaji nao wako karibu. Nenda kwa wahadhiri na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu hapo hapo Mbale, nenda kwenye nyumba za wageni wanakopita watalii waendao kuona maporomoko ya Sipi, waulize wenye ofisi wananunua nini sasa na kwa bei gani. (Nami nina dhana yangu kwamba waumini watokao kwenye tarawehe wanaweza kuwa wateja wazuri kuliko watalii, lakini hiyo ni dhana ya Shangazi anayependa kahawa usiku.) Ukipata watu kumi wanaorudi kununua pakiti ya pili, hapo ndipo uende URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kusajili jina la biashara, uchukue namba ya mlipakodi, na uanze kufuatilia alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ambayo utaihitaji ukitaka pakiti zako zikae kwenye rafu za supamaketi. Kuhusu riba uliyoigusia kwa wasiwasi pembeni mwa ukurasa wa tatu, sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na ya kwanza ilipata leseni mwaka 2023, kwa hiyo siku ukihitaji mtaji mkubwa una mlango wa kubisha. Msimu huu huhitaji mkopo wa aina yoyote.

Sasa orodha ya mume. Sifa sita alizo nazo mwalimu ni kwamba anasali, ana elimu, anasema kwa upole, anamheshimu mama yake, hatafuni mairungi, na watu wanamsifu kwa kulipa deni kwa wakati. Tano alizozikosa ni kwamba amewahi kuoa, hana gari, hana mtaji wa kukufungulia biashara, hajahifadhi juzuu kumi za Kurani, na si mtu "asiyeogopa kuanza jambo jipya". Zisome tena hizo tano taratibu. Mtaji ni kitu unachokitaka wewe. Juzuu kumi ni kitu unachokitaka wewe, kwani katika ukurasa wa pili umeandika mwenyewe kwamba kuhifadhi kwako kumekwama kwenye juzuu ya tatu. Ujasiri wa kuanza ndio ulioukosa wewe miaka yote hii. Umemwandika mtu atakayekuja na yale uliyoshindwa kuyaanza, akutwike ukiwa umekaa, kisha ukaliita jambo hilo sifa za mume mwema. Bibi Khadija, ambaye najua mnamsoma katika darasa lenu la Jumamosi, alikuwa na bidhaa zake na misafara yake kabla hajamwajiri Muhammad ampelekee mali Sham, na ulikuwa uaminifu wa safari ile uliomfanya apeleke ujumbe wa ndoa. Hakungoja mume ndipo awe mfanyabiashara, na alimjua mtu yule kwa kazi iliyokuwa mbele ya macho yake.

Sitakuambia uolewe na mwalimu. Sijamwona, na sifa sita, hata zikiwa njema kama hizo za kwake, zinaweza kukaa katika mtu asiyekufaa. Ninachokuambia ni kwamba kati ya zile tano, moja tu inamhusu yeye kweli, nayo ni ndoa iliyovunjika, na hiyo hukuiulizia kabisa. Keti naye mbele ya baba yako au ndugu yako, umuulize kwa adabu na bila kuzunguka: ndoa ile ilivunjikaje, talaka ilikamilishwa mbele ya kadhi au ilibaki ya maneno, binti anaishi na nani, karo yake analipa nani, na mama wa mtoto anawasiliana naye kwa njia gani. Muulize pia ataionaje wiki ambazo mkewe atakuwa milimani wakati wa mavuno, na anaelewaje suala la mali ya mke, kwa kuwa katika dini yetu mali ya mwanamke ni yake na matunzo ya nyumba ni jukumu la mume, lakini wapo wanaume wanaolijua hilo msikitini na kulisahau mwisho wa mwezi. Akikubali, yaandikwe kama masharti kabla ya nikaha. Kisha mtume kaka yako kwa walimu wenzake na kwa wamiliki wa nyumba alizopanga, maana hao wamemwona akiwa na hasira na akiwa hana fedha.

Nakuja kwenye lile la tatu, ambalo wewe unaona halina tatizo. Sikuombi upunguze kufunga wala kuamka usiku. Watu wengi wangetamani nguvu hiyo. Lakini mwalimu huyu alileta posa mwezi wa Rajabu. Shaabani ikapita, Ramadhani ikapita, Idi ikapita, na mpaka leo hajasikia ndiyo wala hapana, na baba yako kila akikutana naye baada ya sala ya Ijumaa hana la kumwambia. Kumwacha mtu mzima katika hali hiyo, awe anapendeza machoni pako au hapendezi, ni deni, na ibada ya usiku hailifuti deni la mchana. Umenieleza kupanda daraja kwako kwa siku unazofunga na rakaa unazosali, na sikuona katika barua yako mtu yeyote aliyepata nafuu kwa sababu umepanda: si baba, si mwalimu, si mjomba ambaye huuza kahawa yake kwa madalali huku mpwa wake akiichorea pakiti. Huko ndiko ningekuomba ujipime, na ningependa umuulize mwalimu wako wa darasa kama nimekosea.

Umeniuliza uanze na lipi. Anza na mwalimu aliyeleta posa, kwa sababu yeye ni mtu na saa zake zinakwenda, ilhali kahawa ina msimu wake. Mwambie baba yako wiki hii apange mazungumzo hayo. Ukishapata majibu, jipe muda usiozidi mwezi mmoja, shauriana na wanaokutakia heri, sali istihara yako tena ukiwa na jambo lililo wazi moyoni, kisha uamue. Ukiamua kukataa, jibu lipelekwe na baba yako kwa heshima na bila sababu ndefu. Tarehe ya safari ya Budadiri isitegemee jibu hilo kwa namna yoyote, ukiolewa nenda, usipoolewa nenda. Na huko ukifika, mlipe mjomba bei ile ile anayolipwa na madalali siku hiyo, hata akisisitiza kukupa matunda bure kwa undugu, kwa sababu mwaka wa pili utakapohitaji kilo 2,000 hatakuwa na uwezo wa kukupa bure, na hesabu uliyoianza kwa zawadi itakuonyesha faida ambayo haikuwapo.

Wako,
Shangazi